Fidla Nane na Simu ya Mwalimu Mkuu

Tulimzika Mwalimu Lekishon nyuma ya nyumba yake, nje kidogo ya mji wa Kajiado, asubuhi yenye upepo na vumbi. Kabla ya jeneza kuteremshwa, vijana watatu kutoka shule ya msingi aliyoiongoza kwa miaka mingi walisimama kando ya kaburi wakapiga fidla. Walipiga vizuri. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma, karibu na tangi la maji, kati ya watu ambao wengi sikuwatambua, nikamsikia mzee mmoja akimwambia mwenzake, bila kujua kwamba niko hapo, "Hizi vitu zilikuja wakati ya ule mwalimu Mkamba. Yule alikuwa anasikiza simu."

"Anasikiza nani?"

"Hakuna mtu. Anasikiza simu tu. Kila asubuhi."

Wakacheka kwa sauti ya chini, ile inayoruhusiwa matangani. Baada ya mazishi mwanamke aliyevaa sweta ya wauguzi alinijia akainamisha kichwa mbele yangu, kama watoto wa Kimaasai wanavyowasalimu wakubwa wao, nami bila kufikiri nikaweka kiganja juu ya nywele zake. Alikuwa Nasieku. Nilimfundisha akiwa darasa la sita. Sasa ana watoto wake mwenyewe na anafanya kazi kwenye zahanati upande wa Kimana. "Watu walisema ulienda mbali, mwalimu," akaniambia. "Kumbe uko tu." Nikamwambia kwamba niko Kitengela, mwendo wa saa moja kwa gari, na kwamba nimekuwa huko tangu nilipoondoka. Akatikisa kichwa kama mtu aliyesimuliwa habari za nchi nyingine. Niliporudi nyumbani jioni ile niliona ni afadhali niuandike mwaka ule kwa mpangilio, kabla haujabaki kuwa kichekesho cha wazee wawili kando ya kaburi.

Ulikuwa mwaka 2000. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, sikupata nafasi chuoni, na wazazi wa shule ile walikuwa wameniajiri nifundishe hesabu bila cheti cha ualimu. Chumba changu kilikuwa nyuma ya duka la Mama Hodhan, mjane wa Kisomali aliyeuza sukari, unga, vitambaa na betri, kwenye barabara inayoelekea stesheni ya reli. Kati ya chumba na duka palikuwa na ukuta wa mbao tu. Nilikuwa na kitanda, meza, jiko la mafuta ya taa, na dirisha lililotazama uzio wa mabati. Jumapili nilipika sufuria ya muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, nikaipasha moto siku baada ya siku mpaka ikaisha. Mambo ya mji niliyajua kupitia ule ukuta: nani ameuza ng'ombe kwa hasara kwa sababu ya ukame, nani ameoa tena, nani amerudishwa kutoka hospitalini Nairobi. Niliwajua watu wengi kwa sauti, na nilipokutana nao barabarani sikuwatambua mpaka wafungue midomo. Hakuna aliyenikosea heshima. Wote waliniita mwalimu, wakanisalimu, wakapita. Ijumaa Mama Hodhan alinitumia sahani ya wali na nyama ya mbuzi, na juu yake ndizi mbivu isiyomenywa, na mwanzoni nikawa naiweka ndizi kando nile baadaye. Siku moja akanikuta nikifanya hivyo. "Wewe mwalimu, nani alikufundisha kula? Ndizi unakula na wali, pamoja, mdomo moja. Baadaye iko na kazi gani?" Alisimama mlangoni mpaka nikafanya alivyosema, akacheka, akarudi dukani. Nakumbuka kwamba hayo ndiyo yaliyokuwa mazungumzo yangu marefu zaidi wiki ile.

Fidla zilifika mwezi wa Februari ndani ya gari la kanisa. Zilikuwa nane, ndogo kuliko nilivyotarajia, kila moja katika kasha lake jeusi. Shuleni tuliziita violini; neno fidla nililipata baadaye kwenye kamusi. Zilikuwa zimekusanywa na watu wa kanisa moja ng'ambo, kutoka kwa familia ambazo watoto wao walikuwa wameacha kuzipiga, na aliyezileta alikuwa mwanamke mrefu mwenye mvi, Bi Greta, mwalimu wa muziki aliyestaafu. Kiswahili chake alikuwa amejifunza darasani, kikamilifu na polepole, kila neno likisimama peke yake. Alikaa nasi wiki mbili. Alipouliza ni mwalimu gani atajifunza pamoja na watoto, walimu wenye vyeti walitazamana, kisha wote wakanitazama mimi, kwa kuwa sikuwa na mke, wala shamba, wala sababu ya kukataa. Alinifundisha kushika upinde, kupaka utomvu mkavu kwenye nywele za upinde huo, kuweka vidole, na kusoma zile alama zinazofanana na ndege kwenye waya. Aliniachia kitabu kimoja chembamba na wimbo mmoja alioutunga mwenyewe kwa ajili ya watoto wanaoanza, wenye sehemu tatu zinazofuatana. Siku ya mwisho alitueleza sharti bila kulizungusha. Atarudi Novemba. Shule zote alizozipa fidla zitakutana Kitengela kupiga wimbo huo. "Kama watoto wa Kajiado wanapiga, fidla zinabaki kwenu daima," alisema. "Kama zimekaa ndani ya makasha, nitazipeleka shule nyingine. Kuna shule zinazoziomba."

Alikuwa tayari ameingia garini nilipokumbuka kumuuliza jambo moja. Wiki mbili zote yeye ndiye aliyekuwa akikaza nyuzi, kwa kutumia uma mdogo wa chuma aliougonga gotini na kuuweka sikioni. Uma huo ulikuwa mfukoni mwake na alikuwa anaondoka nao, kwa kuwa bado alikuwa na shule nyingine za kupitia. Nilimuuliza nitajuaje sauti sahihi. Akatabasamu. "Mna simu shuleni? Sisi tulipokuwa wanafunzi hatukuwa na uma. Tulinyanyua simu. Ile sauti inayolia kabla hujapiga namba, hiyo ndiyo uzi wa pili. Nyingine zote unazipata kutoka kwa huo." Gari likaondoka. Niliandika maneno yake nyuma ya kitabu na kuyapigia mstari.

Wiki iliyofuata fidla zilifungiwa stoo. Lazima nieleze jambo hili kwa haki, maana watu wa mbali hawalielewi na huliona kuwa ni ubahili au uvivu. Mwalimu Lekishon alikuwa mtu mwadilifu, mrefu, mwenye kikohozi, aliyevaa koti la suti hata mwezi wa joto. Katika maisha yake ya kazi alikuwa ameona vitu vingi vya wafadhili vikija: mashine za cherehani, darubini, mipira ya ngozi. Aliona pia wafadhili wakirudi, wakauliza viko wapi, na mwalimu mkuu akasimama mbele yao na vipande mkononi. Kwake yeye, kitu cha msaada kilikuwa amana, na amana hutunzwa. Kila Ijumaa alimwagiza mtu afute makasha vumbi na kuyapaka rangi ya viatu. Yaling'aa kuliko siku yalipofika.

Nilimwendea mara kadhaa kabla hajanisikiliza. "Mwalimu, akirudi atataka kusikia," nilimwambia. "Hatataka kuona."

"Na zikivunjika?"

"Zikikaa stoo atazichukua. Alisema."

"Alisema, alisema. Musau, wewe ni kijana. Mzungu anasema kitu moja akiondoka, akirudi anaulizia ingine. Akikuta moja imevunjika, ni nani ataitwa? Ni wewe?" Akakohoa, akafuta mdomo kwa leso. "Ni mimi."

"Basi nipe moja. Nijifunze mimi kwanza. Ikivunjika, niite mimi."

Aliinuka kitini. Kisha akatoa ufunguo kwenye mfuko wa koti, akautenga na wenzake, akaniwekea mezani. Nilipiga fidla hiyo moja peke yangu mpaka likizo ya Aprili ilipokwisha, na muhula mpya ulipoanza akaniruhusu kuzitoa nyingine saba, mara mbili kwa wiki, baada ya masomo. Alisimama mlangoni mwa darasa kila siku ya mazoezi, mikono nyuma, akihesabu zikitoka na akihesabu zikirudi.

Simu ilikuwa ofisini mwake, ndani ya kisanduku cha mbao. Ilikuwa nyeusi, ya kuzungusha, na kwenye tundu la namba palikuwa na kufuli dogo ili mtu asipige bila ruhusa. Lakini mkono wa simu haukufungwa. Ukiunyanyua, sauti ilikuja: ndefu, nyembamba, isiyopumua, sauti moja tu tangu mwanzo mpaka utakapochoka. Kila asubuhi kabla ya gwaride niliingia na fidla yangu, nikaushikilia mkono wa simu kati ya bega na sikio, nikageuza kigingi cha kukazia mpaka uzi wa pili na simu vikawa kitu kimoja. Kisha niliutumia uzi huo kuzipanga nyuzi nyingine, na jioni nikazipanga fidla saba kwa kuisikiliza yangu. Siku ya kwanza Mwalimu Lekishon alinikuta nimeinama juu ya meza yake.

"Unampigia nani?"

"Simpigii mtu, mwalimu. Nasikiza tu."

"Unasikiza nini?"

Nikampa mkono wa simu. Akausikiliza kwa makini, uso ukiwa wa mtu anayengoja jibu. "Hakuna mtu hapa," akasema.

"Ndiyo."

"Na hii hailipishwi?"

"Hailipishwi."

Akaurudisha polepole mahali pake. "Sawa. Lakini ukimaliza, weka vizuri. Siku moja nitapigiwa na ofisi ya elimu, wakute niko."

Walimu wenzangu walifurahia jambo hilo sana. Nilipoingia chumba cha walimu, mmoja angeweka kiganja sikioni na kusema kwa sauti nyembamba, "Haloo? Mbinguni?" na wote wangecheka. Sikuwachukia. Mimi mwenyewe nilijua ninavyoonekana: kijana anayeanza kila siku kwa kusikiliza simu isiyo na mtu upande wa pili. Nilichokuwa sijui ni kwamba nilikuwa nimeanza kuingoja. Kulikuwa na siku za Jumamosi ambazo sikuongea na mtu kutoka asubuhi mpaka jioni, na nikajikuta nikiiimba ile sauti nikiosha sufuria, midomo ikiwa imefungwa, kama mtu anayejijibu.

Watoto walijifunza haraka kuliko mimi. Nasieku ndiye aliyekuwa na sikio zuri kupita wote. Kidole chake kikikosea, alikisogeza kabla sijasema. Alikuwa mdadisi na hakuniogopa. "Mwalimu, kwa nini tunangoja simu?" aliniuliza siku moja. "Kwetu wakiimba, yule wa kuanza anaanza tu. Anatoa sauti yake, wale wengine wanaingia chini yake." Nikamweleza kwamba hii ni ala, na ala zina sauti moja iliyokubaliwa duniani kote, ili mtu wa Kajiado na mtu wa ng'ambo wakikutana wapige pamoja. Nilieleza vizuri sana. Nilichora mstari ubaoni. Mwezi wa Julai simu ya shule ilikatwa kwa wiki kadhaa, na asubuhi ya kwanza nilishika mkono wa simu nikakuta kimya kama cha kisima kikavu. Niligutuka kuliko nilivyotarajia. Ilinibidi nizipange fidla kwa kumbukumbu. Iliporudishwa niliinyanyua kwa hofu, nikapiga uzi wangu wa pili, na vikakutana bila tofauti yoyote. Nilikuwa nimeibeba ile sauti ndani yangu muda wote huo na haikusogea.

Usiku mfupi wa mji ule ulianza saa moja, taa zikiwashwa madukani, na huo ndio muda niliofanya mazoezi chumbani. Kupitia ukuta nilisikia wateja wakiuliza. "Mama Hodhan, huyo mtoto ni mgonjwa?" "Si mtoto. Ni mwalimu." "Anafanya nini?" "Anamkanyaga paka. Wacha, tumezoea." Kisha, mwezi wa Septemba, nilipopiga ule wimbo kutoka mwanzo mpaka mwisho bila kukosea, nikasikia mteja akiuliza bei ya sukari na Mama Hodhan akimwambia, "Ngoja kwanza imalize." Yule mteja akangoja. Nilibaki nimeshika upinde hewani, sijui kama nigonge ukuta au ninyamaze. Nikauweka upinde kitandani. Kesho yake hakuna aliyelitaja jambo hilo, naye akanisalimu kama kawaida na kuniambia mafuta ya taa yamepanda.

Siku hizi mimi ni msaidizi wa maabara katika shule ya sekondari Kitengela. Kazi yangu ni kuandaa vifaa, kuviosha na kuvirudisha, na katika kabati moja nina seti ya zile uma za chuma, kila moja na namba yake. Nimesoma mengi juu ya sauti tangu wakati ule, kwa mpangilio wangu mwenyewe, na ninajua sasa kile ambacho kitabu chembamba hakikunieleza: kwamba mlio wa simu ulipangwa na mafundi wa mitambo na si wanamuziki, na kwamba haukuwa mmoja kila mahali. Wa kwetu ulikuwa chini kuliko ule wa kina Greta. Si sana. Ni zaidi kidogo ya nusu ya ile hatua ndogo kabisa kwenye kinanda, kati ya kipande cheupe na cheusi kinachokifuata. Mtu mmoja akiimba peke yake huwezi kuigundua tofauti hiyo. Siku moja wanafunzi walipokwenda chakula cha mchana niliuwasha mtambo wa maabara wa kutoa milio, nikaiimba sauti yangu ya zamani na kuugeuza mpaka ukakutana nami, nikasoma namba. Ilikuwa ni ya simu. Baada ya miaka yote ile. Nilizima mtambo na kuendelea kupanga chupa.

Novemba tulikwenda Kitengela kwa gari la kanisa, watoto saba, Mwalimu Lekishon katika koti lake, na mimi. Wakati ule Kitengela ilikuwa bado nusu mji na nusu mbuga. Kati ya viwanja vilivyozungushiwa waya tuliona nyumbu wakila nyasi. Ukumbi ulikuwa wa kanisa, wa mabati, na mbele palikuwa na piano kuukuu ya mbao iliyopangwa wiki hiyo na fundi kutoka Nairobi. Shule mbili zilitutangulia. Ya Nairobi ilikuwa na mwalimu aliyesomea, na watoto wake walivaa soksi nyeupe zinazofanana. Walipiga vizuri, piano ikiwa chini yao kama sakafu. Nasieku alinivuta shati. "Mwalimu, wale wako juu," akaninong'oneza. Nikamwambia ni wasiwasi. Lakini na mimi nilikuwa nimesikia kitu.

Watoto wetu walisimama, wakainamisha vichwa mbele ya Bi Greta, naye asijue la kufanya na vichwa vile akawapa mkono mmoja mmoja. Walianza peke yao, kama wimbo ulivyotaka, na kwa mistari ya kwanza niliona bega la Mwalimu Lekishon likishuka kwa utulivu. Kisha piano ikaingia. Sijawahi kusikia kitu kama kile. Hakuna aliyekosea, si watoto wala mpiga piano, na bado ilikuwa kama milango miwili iliyopachikwa kwenye fremu moja. Watoto wa soksi nyeupe wakaanza kucheka, mmoja akaziba masikio. Bi Greta akanyanyua mkono, wote wakanyamaza. Akaja, akapiga uzi wa pili wa Nasieku, kisha kipande cha piano, kisha uzi tena. "Mlipata wapi sauti hii?" akaniuliza.

"Kwa simu," nikasema.

"Simu gani?"

"Ya ofisini. Ulisema ninyanyue simu."

Akakaa kwenye ukingo wa kiti cha mpiga piano. "Ya kwetu," akasema. "Nilikuwa nafikiria simu ya kwetu." Hakunilaumu, na hakujitetea. Akasimama tena, akaanza kuzikaza fidla moja baada ya nyingine kuifuata piano. Lakini nyuzi zilikuwa zimekaa mahali pamoja mwaka mzima, na vigingi vilikuwa vimekauka kwa ukame. Uzi mmoja wa Nasieku ulikatika. Nyingine zilipanda, na watoto walipoanza upya zikaanza kuteleza kurudi zilikotoka, kila moja kwa mwendo wake, na sasa hata wao kwa wao hawakupatana. Safari hii hakuna aliyecheka. Nilimwona mwalimu wa shule ya Kitengela, ambayo baadaye nilijua ndiyo iliyokuwa imeziomba fidla zetu, akitazama makasha yetu yaliyong'aa.

Mwalimu Lekishon akainuka. Alikohoa kwanza, na ukumbi ukamngoja.

"Madam," akasema, "mimi sijui hii kazi. Lakini kwetu sisi, yule anaanza wimbo ndiye anaweka sauti. Wale wengine wanamfuata. Hawa watoto ndio walianza. Hiyo kinanda iwafuate."

"Piano haiwezi kufuata, mwalimu," Bi Greta akajibu kwa upole. "Sauti yake imefungwa."

"Haiwezi?"

"Haiwezi."

"Basi inyamaze."

Mtu mmoja nyuma akapiga kofi moja, akaacha. Bi Greta akakifunga kifuniko cha piano. Nilizishusha fidla zote mwenyewe. Sikuwa na simu; niliimba, midomo ikiwa imefungwa, nikageuza vigingi kimoja baada ya kingine, na zikarudi chini kwa urahisi, kama ng'ombe wanaorudi bomani. Nasieku akapewa fidla yangu badala ya ile iliyokatika uzi. Akaanza. Wenzake wakaingia chini yake, sehemu ya pili, kisha ya tatu, wakaufikisha wimbo mwisho bila mtu kupotea. Sitasema walipiga vizuri kuliko wengine, maana si kweli. Lakini walikuwa kitu kimoja, na ukumbi ulijua. Bi Greta alilia bila kujificha, akamshika Mwalimu Lekishon mikono yote miwili, akamwambia, "Zinabaki. Zinabaki kwenu." Naye akaitikia kwa kichwa, akauliza mara moja ni nani atalipa ule uzi.

Kisha akaja kwangu. Aliniambia kwamba nimefanya kazi ambayo hakutegemea mtu aifanye, na kwamba kosa lilikuwa lake. Januari atamleta mwalimu aliyesomea, kijana kutoka Nairobi, ili watoto waweze kupiga na wenzao. "Sasa wewe unaweza kupumzika," alisema, akinishika bega. Alikuwa sahihi. Niliangalia kila upande wa jambo hilo, kama ninavyoangalia kila jambo, na sikuona mahali alipokosea.

Mwalimu huyo alikuja kweli muhula ulipofunguliwa. Aliitwa Peter, alikuwa mpole, na sina neno baya juu yake. Alibadilisha nyuzi zote, akagonga uma wake gotini, akazipandisha fidla nane mahali zinapopaswa kuwa. Chumba chake cha muziki kilikuwa jirani na darasa la nne, ambapo mimi nilifundisha kugawanya. Kati yetu palikuwa na ukuta wa mbao. Siku ya kwanza watoto walisitasita, niliwasikia. Nasieku alikuja mapumzikoni akaniuliza, "Mwalimu, hukuji?" Nikamwambia niko na darasa. "Leo vidole vinapotea," akasema, "lakini yeye anasema tutazoea." Kufikia mwisho wa wiki walikuwa wamezoea. Watoto huhama hivyo, kwa urahisi, bila kugeuka.

Ijumaa, saa ya mwisho, wakaanza ule wimbo wa sehemu tatu. Nilikuwa ubaoni, chaki mkononi. Niliutambua kila mkono kupitia mbao: nani huchelewa kushuka, nani hubonyeza sana upinde, na Nasieku akiwavuta wote. Sauti tu ndiyo sikuijua. Nilijaribu kuwafuata kimoyomoyo, na kila nilipoanza nilijikuta chini yao. Nikarudi mwanzo, nikajaribu tena, nikajikuta chini tena, palepale. Walifika mwisho, mtu akapiga makofi, viti vikasogezwa.

"Mwalimu," mtoto wa dawati la mbele akasema, "hiyo tuandike?"

Nikautazama ubao. Nilikuwa nimeandika nusu ya hesabu.

"Ngojeni nimalize," nikawaambia, nikaimaliza.